Tumbo Lililokatwa na Hesabu ya Mwaka wa Kumi

Katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, maswali huwa machache. Kilo zinashuka, nguo zinapwaya, vidonge vya presha vinapunguzwa, na mwenye kisukari huenda akaambiwa aache sindano. Maswali huanza mwaka wa pili au wa tatu. Mizani inasimama, kisha inapanda kilo mbili, tatu, sita. Mtu aliyekuwa akishiba kwa vijiko vinne vya wali anashtuka amemaliza nusu sahani bila taabu yoyote. Hapo hofu moja hufunika nyingine zote: tumbo limetanuka, na upasuaji umeharibika.

Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imewafanya wengi wapime kisichostahili kupimwa kwanza. Wanaamini daktari bora ni yule anayebakiza tumbo dogo zaidi. Wanashinda siku tano kwa supu na maji wakitumaini tumbo litanywea. Wanakopa fedha za kukatwa mara ya pili. Wakati huohuo vitamini wameziacha, damu hawajapima tangu walipotolewa nyuzi, na kiungulia kinachowaamsha usiku wanakiona jambo la kawaida. Nionavyo mimi, ukubwa wa tumbo ni sehemu ndogo ya habari hii. Matokeo ya muda mrefu yanategemea zaidi aina ya upasuaji, homoni, chakula chenyewe na ufuatiliaji wa maisha yote. Hili la mwisho ndilo adimu kwetu Afrika Mashariki, na ndilo linalonitia uchungu.

Tuanze na kinachokatwa. Tumbo la mtu mzima likijaa hubeba lita moja hadi moja na nusu. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni ule wanaouita sliivu: daktari huondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, akaacha bomba jembamba linalobeba kati ya mililita 100 na 150, chini ya nusu ya chupa ya soda. Ili asikate ovyo, hupitisha mpira kutoka mdomoni hadi tumboni na kukata akiufuata. Unene wa mpira huo hutajwa kwa kipimo cha French, ambapo tatu ni sawa na milimita moja; madaktari wengi hutumia mpira wa 36 hadi 40, yaani milimita 12 hadi 13. Upasuaji wa pili ni baipasi. Hapa hakuna kipande cha tumbo kinachotolewa mwilini. Sehemu ya juu hutengwa ikawa kifuko cha mililita 15 hadi 30, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula kinaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo.

Baipasi ndiyo kongwe. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1966, baada ya madaktari kuona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba hata walipotaka kunenepa. Sliivu ilikuja baadaye, kama hatua ya kwanza tu ya upasuaji mkubwa zaidi kwa watu wazito mno, ambao ingekuwa hatari kuwafanyia kazi yote kwa siku moja. Baadhi yao walipungua kiasi kwamba hatua ya pili haikuhitajika tena, na sliivu ikasimama yenyewe.

Sasa, je, tumbo lililobaki hutanuka? Ndiyo, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kusaini fomu. Mwaka 2009 madaktari wa Chile walichapisha vipimo vya wagonjwa wao wachache wa sliivu: siku chache baada ya upasuaji tumbo lilibeba takriban mililita 108, na kati ya mwaka wa pili na wa tatu lilifika takriban 250. Liliongezeka zaidi ya mara mbili. Sababu hazina uchawi. Wiki za mwanzo nyama za tumbo zimevimba kando ya mstari wa pini zilizolifunga, kwa hiyo lile banio kali la mwanzo kwa sehemu lilikuwa uvimbe, nao uvimbe huisha. Misuli nayo hulegea ikizoea kazi mpya. Anayelinganisha mlo wake wa mwaka wa tatu na ule wa mwezi wa pili anajilinganisha na jeraha bichi.

Swali zito ni kama kutanuka huko ndiko kunakorudisha uzito. Kama ndivyo, waliokatiwa tumbo jembamba zaidi wangepungua zaidi na kubaki hivyo. Mwaka 2013 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 112 za sliivu zenye karibu wagonjwa 10,000. Waliokatwa kwa mpira wa 40 na kuendelea hawakupungua kidogo kuliko waliokatwa kwa mpira mwembamba, kwa muda wa hadi miaka mitatu uliofuatiliwa. Tofauti iliyoonekana ilikuwa nyingine: tumbo kuvuja kwenye mstari wa pini, tatizo linaloweza kuua, kulitokea mara chache zaidi kwa waliotumia mpira mnene. Kumbe anayemsihi daktari ambakizie tumbo dogo kabisa anaomba hatari zaidi bila kupata faida ya kilo.

Ushahidi mzito zaidi uko Sweden. Kuanzia mwaka 1987, Lars Sjöström na wenzake waliwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Wakati ule sliivu ilikuwa bado. Wengi walishonwa tumbo na kuzungushiwa utepe, wengine wakafungwa mkanda, na wachache wakafanyiwa baipasi. Aina zile mbili za kwanza zilifanya jambo moja tu, kupunguza nafasi ya chakula. Baada ya miaka kumi, waliofungwa mkanda walikuwa wamepungua asilimia 14 ya uzito wao wa awali, walioshonwa asilimia 16, na wa baipasi asilimia 25. Aina zote tatu zilibakiza kifuko kidogo, lakini ile iliyobadilisha pia njia ya chakula iliziacha nyingine mbali.

Maelezo yamo kwenye homoni. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua grelini, homoni ya njaa ambayo kwa kiasi kikubwa hutoka sehemu ya juu ya tumbo. Sliivu huondoa karibu sehemu hiyo yote. Chakula kinapofika haraka kwenye utumbo wa chini, kama inavyotokea kwa baipasi na kwa kiasi fulani kwa sliivu, utumbo hutoa kwa wingi homoni za kushibisha, mojawapo ikiwa GLP-1, ile ile inayoigwa na sindano mpya za kupunguza uzito. Ndiyo maana wagonjwa husema hamu ya kula imepotea, wasiseme tu kwamba nafasi imejaa. Waliofungwa mkanda hawakupata hilo. Walikuwa na njaa ile ile na mlango mwembamba, na mwenye njaa hupata cha kupitisha.

Wapo wachache ambao umbo la tumbo ndilo tatizo kweli. Daktari akiacha kipande kikubwa cha sehemu ya juu, kile chenye grelini, mgonjwa wa sliivu huanza na deni. Kwa upande wa baipasi, tundu linalounganisha kifuko na utumbo likipanuka sana, chakula hakikai, shibe haidumu, na tafiti zimelihusisha na kurudi kwa uzito. Hayo huonekana kwa picha au kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Kwa waliobaki, picha za CT-Scan zimetoa majibu yanayogongana: tafiti nyingine zinaona uhusiano kati ya upana wa tumbo na kilo zilizorudi, nyingine hazioni.

Hapa inabidi tukae na hesabu, kwa sababu huzuni nyingi hutokana na kutojua mafanikio yana sura gani. Turudi kwa wale wa baipasi Sweden. Walipofika chini kabisa, mwaka wa kwanza hadi wa pili, walikuwa wamepoteza asilimia 32. Mwaka wa kumi, asilimia 25. Mchukue mama wa kilo 120. Anashuka hadi kilo 82 hivi, kisha taratibu anapanda hadi 90. Kilo nane zimerudi. Mwenyewe anaweza kulia kwamba ameshindwa, kumbe yuko palepale kwenye wastani wa kundi ambalo dunia nzima hulitaja kama ushahidi kwamba upasuaji unafanya kazi.

Kwa sliivu tuna utafiti wa Finland uliowagawa wagonjwa 240 kwa bahati nasibu kati ya sliivu na baipasi, na matokeo ya miaka kumi yakatoka mwaka 2022. Watafiti walihesabu asilimia ya uzito wa ziada uliopotea, yaani ule unaozidi BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 25. Sliivu ilikuwa na asilimia 43.5, baipasi 50.7. Ukimpima yuleyule mama wa kilo 120, tuseme urefu wake ni mita 1.65, uzito wake wa ziada ni kilo 52. Kwa sliivu anakuwa amepoteza kilo 23 hivi, kwa baipasi 26. Mwaka wa kumi yuko karibu kilo 97 au 94, na bado kwa vipimo vya hospitali anaitwa mtu mwenye uzito uliopitiliza. Matangazo ya kliniki hayamwonyeshi mtu wa namna hii. Humwonyesha wa mwezi wa kumi na nne. Nasema wazi kwamba kumwonyesha mgonjwa picha ya mwezi wa kumi na nne bila kumtajia mwaka wa kumi ni kumuuzia kitu ambacho hatakipata.

Utafiti huohuo una jambo jingine linalopitwa haraka. Walikuwamo waliopoteza asilimia 2 tu ya uzito wa ziada na waliovuka asilimia 100, kwa upasuaji uleule, hospitali zilezile. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya sliivu na baipasi. Urithi, umri, dawa anazotumia mtu, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na steroidi, usingizi, na msongo, vyote vina mkono. Mwili uliopungua pia hutumia nguvu kidogo kuliko ulivyokuwa. Kumwambia aliyeongezeka kilo kumi kwamba ni mlafi ni kosa la kitabibu kabla hata halijawa kosa la adabu.

Chakula hata hivyo kina nafasi yake, na hapa aina inashinda kiasi. Nyama, samaki, maharage na mboga hukaa tumboni na kumfanya mtu aache kula. Uji wenye sukari, juisi ya miwa, soda, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na maandazi yaliyolowekwa ndani yake hupita bila kusimama. Tumbo la mililita 150 linaweza kupitisha lita mbili za juisi kwa siku. Mtu anayekunywa hivyo ataongezeka hata kama tumbo lake halijatanuka hata kidogo, na hakuna daktari wa kukata tena atakayemsaidia. Ndiyo maana wataalamu husisitiza protini kwanza, maji mbali na mlo, na kutafuna hadi mwisho. Watu wetu huliona hili gumu zaidi kwa sababu ya meza ya wageni. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, na aliyefanyiwa upasuaji kwa siri hana la kujitetea nalo. Akikonda haraka, majirani wananong'ona kuhusu ugonjwa. Miaka mingi ya UKIMWI ilitufundisha kusoma wembamba hivyo. Wapo wanaorudia kula ili tu watu wanyamaze.

Nimesema hofu ya ukubwa wa tumbo inaficha mambo mazito zaidi. La kwanza ni upungufu wa virutubisho. Baada ya sliivu na zaidi baada ya baipasi, mwili hunyonya kidogo vitamini B12, madini chuma, asidi ya foliki, kalsiamu na vitamini D. Upungufu huja polepole: uchovu, ganzi miguuni, damu kupungua, mifupa kudhoofika. Kwa wanawake wanaopata hedhi, upungufu wa damu hauna mzaha. Lakini wa haraka na wa kutisha ni ule wa vitamini B1. Aliyefanyiwa upasuaji akitapika mfululizo kwa wiki kadhaa anaweza kupata madhara ya ubongo: kuchanganyikiwa, macho kuyumba, kushindwa kutembea sawasawa. Kumtundikia dripu ya glukosi pekee, bila B1, kunaweza kuzidisha madhara. Hili kila zahanati inafaa ilijue.

La pili ni kiungulia. Katika utafiti wa Finland, baada ya miaka kumi, asilimia 31 ya waliofanyiwa sliivu walikutwa na umio uliounguzwa na asidi, dhidi ya asilimia 7 ya wa baipasi. Bomba jembamba lina shinikizo kubwa ndani yake, na asidi hupanda. Kwa hiyo mtu mwenye kiungulia kikali kabla ya upasuaji asikubali sliivu kwa sababu tu ndiyo nafuu au ndiyo daktari anayoijua. Kwa kumbana zaidi tumbo lililotanuka, yaani kurudia sliivu juu ya sliivu, mgonjwa wa kiungulia huongezewa tatizo.

Yapo mengine. Baada ya baipasi, vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huleta vidonda kwenye kiungo kipya, nasi tunavinunua duka la dawa bila cheti. Pombe huingia kwenye damu haraka mno, na tafiti za Marekani zimeonyesha utegemezi wa pombe ukiongezeka kuanzia mwaka wa pili. Utumbo unaweza kujinyonga ndani ya tumbo hata miaka mitano baadaye, na maumivu makali ya ghafla yanahitaji daktari mpasuaji siku hiyohiyo. Uzazi hurejea haraka kwa wanawake waliokuwa hawashiki mimba, ilhali ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18.

Sisemi haya kumtisha mtu. Wale wa Sweden waliofanyiwa upasuaji waliishi kwa wastani miaka mitatu zaidi ya wenzao wanene wasiofanyiwa, ingawa hawakuufikia umri wa watu wa kawaida. Kwa mtu mwenye BMI ya 40, kisukari na magoti yaliyochoka, miaka mitatu na mwendo mwepesi ni mambo makubwa. Ninachokataa ni kumfanyia upasuaji kisha kumwacha.

Na kuachwa ndiko kunakotokea. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anasafiri kwenda India au Uturuki, analala hospitali siku chache, anarudi na bahasha. Ndugu zetu walio Muscat na kwingine Ghuba, ambako sliivu ni upasuaji wa kawaida, hurudi likizo Unguja wakiwa na tumbo jipya na hawana daktari wa kumwendea wakiwa huku. Nyumbani huduma zinaanza kukua. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikiweka puto tumboni, na Nairobi kuna madaktari wa sliivu na baipasi. Puto nalo lisichanganywe na upasuaji: hukaa miezi sita au mwaka, kisha hutolewa, na bila mabadiliko mengine uzito hurudi. Lakini ukitoka nje ya miji mikubwa, tabibu anayempokea mgonjwa wa baipasi mwenye maumivu ya tumbo huenda hajawahi kumwona mmoja. Wengi hata hawajui walifanyiwa aina gani. Wanasema tu "nilipunguzwa utumbo."

Kwa anayeona uzito unarudi, njia ipo na ina mpangilio. Aanze na mazungumzo ya kweli kuhusu chakula, vinywaji, usingizi na dawa. Apime damu. Kama ameongezeka sana au ana kiungulia, apigwe picha au apitishiwe kamera kabla ya mtu yeyote kutaja kisu. Ile mifungo ya supu ya siku tano haina ushahidi kwamba hunyweza kifuko. Faida yake pekee ni kumtoa mtu kwenye soda kwa muda. Upasuaji wa marudio una madhara mengi kuliko wa kwanza, na unastahili pale kasoro inapoonekana kwa macho, au kuibadilisha sliivu kuwa baipasi kwa sababu ya asidi. Sindano za semaglutidi na tirzepatidi, ambazo katika majaribio zilipunguza uzito kwa takriban asilimia 15 na 21, sasa hutumiwa pia kwa waliokwisha kukatwa. Zinapoachwa, sehemu kubwa ya uzito hurudi, na bei yake bado iko mbali na mfuko wa mwananchi.

Ewe unayefikiria kuingia chumba cha upasuaji, acha kumuuliza daktari atakubakizia mililita ngapi. Muulize wagonjwa wake wa miaka mitano wako wapi na wana uzito gani. Muulize kwa nini anakuchagulia sliivu badala ya baipasi, na kama amekupitishia kamera kwanza. Dai ripoti ya upasuaji kwa maandishi, yenye aina, tarehe na ukubwa wa mpira, uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa na nakala uwaachie wa nyumbani. Muulize nani atakupima B12, madini chuma na vitamini D kila mwaka, katika mji unaoishi, na kwa gharama gani. Kama jibu la swali hilo halipo, ahirisha hadi lipatikane.